Naomba ushauri: gari nililounda mwenyewe kwa mbio za kasi Bonneville

Wakuu, habari zenu. Niko Utah, Marekani. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiunda gari gerejini kwangu: bodi ya pikapu kuukuu ya Datsun, chesisi nimechomelea mwenyewe, injini ya silinda nne yenye tabo (turbo) ya kuiongezea nguvu. Nataka kulipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, kwenye Speed Week, wiki ya mashindano ya kasi ya Agosti.

Kinachoninyima usingizi ni mshiko. Chumvi si lami. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, tairi za nyuma zinazunguka bure na kasi haipandi. Wazoefu huongeza uzito kwa vipande vya madini ya risasi. Niviweke wapi? Juu ya ekseli ya nyuma vitasaidia mshiko, lakini nikizidisha huko naogopa gari likiyumba kwenye kilomita 250 kwa saa, mkia utataka kutangulia.

La pili ni keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ya kumlinda dereva. Mke wangu ameuliza hilo tu: itahimili gari likibingirika? Viungo nimechomelea mimi, na hakuna mwingine aliyevikagua. Nimlipe fundi avipitie kabla ya wakaguzi wa mashindano, au nikate nianze upya?

Aliyewahi kukimbia kwenye chumvi, tafadhali anisaidie.