Tupeane uzoefu: Lengo kubwa la maneno na kumaliza rasimu ya riwaya upesi

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Ndugu waandishi, hamjambo. Ninafungua mada hii kwa sababu karibu kila mwandishi chipukizi ninayekutana naye hapa Nakuru ana riwaya iliyokwama katika sura ya tatu au ya nne, si kwa kukosa kipaji wala kisa, bali kwa kuwa kila anapoketi huirudia sura ya kwanza, akaibadilisha hapa na pale, na muda wake ukaisha kabla hajaongeza ukurasa hata mmoja. Ninaamini kwamba dawa ya hali hiyo ni lengo la maneno, tena lengo kubwa kiasi cha kumnyima mtu nafasi ya kujihariri anapoandika.

Wengi wetu tunalijua lengo la maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Lilienezwa na NaNoWriMo, changamoto iliyoanzishwa na Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, katika eneo la San Francisco mwaka 1999. Mwaka uliofuata ilihamishiwa mwezi wa Novemba na ikadumu humo, hadi shirika lililoisimamia lilipotangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli zake. Maneno hayo yakigawanywa kwa siku 30, kila siku inabeba takribani maneno 1,667. Hata hivyo, desturi ya kujipimia maneno ni ya kale kuliko kompyuta. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta, aliandika kwa saa tatu asubuhi kabla ya kwenda kazini, saa yake ikiwa mezani mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Ninamtaja kwa sababu alikuwa mwajiriwa kama wengi wetu.

Mimi hushika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na muda wangu wa kuandika ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja kasorobo. Lengo langu ni maneno 1,500 kila siku ya kazi, na Jumapili ninapumzika kabisa. Kilichoniwezesha kulifikia ni mbinu moja ndogo. Riwaya yangu inahusu familia ya wakulima wa pareto kule Molo, na mara kwa mara ninafika mahali ambapo ninahitaji jambo nisilolijua: bei ya kilo moja ya maua makavu wakati huo, jina la mtaa, au dawa aliyopewa mgonjwa. Badala ya kuingia katika intaneti na kupotea huko, ninaandika neno JAZA kwa herufi kubwa, kwa mfano "Baba alihesabu noti akakuta ni JAZA BEI YA PARETO", kisha ninasonga mbele. Siku za Jumamosi ninaitafuta JAZA moja baada ya nyingine kwa kitufe cha kutafuta, ninaorodhesha maswali yote katika karatasi, na ndipo ninapowauliza wazee au kwenda maktaba. Mashaka yanayohusu mtindo nayo ninayatendea hivyohivyo: sentensi isiyoniridhisha ninaitia nyota mwanzoni na kuiacha ilivyo.

Naomba kila mmoja aeleze lengo lake, jinsi alivyolipanga kulingana na maisha yake, na pale lilipomfaa au kumlemea.

Mwanachama, Kisumu

Ahsante kwa mada hii, ndugu. Mimi ni muuguzi na zamu zangu hubadilika kila wiki, kwa hiyo lengo la kila siku halinifai hata kidogo. Mtu aliyekesha wodini, akatoka asubuhi na kupanda matatu hadi Mamboleo, akafika nyumbani watoto wakitaka kupelekwa shule, huwezi kumdai maneno 1,500 ukategemea kupata kitu chenye uhai. Lengo langu ni la wiki: maneno 8,000 kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na sehemu kubwa ninaiandika katika siku zangu za mapumziko. Hesabu ni kubwa kuliko ya wengi hapa, lakini hainihukumu siku ambazo mwili umechoka.

Ningependa kuongeza kwamba kasi haiji kwa vidole kwenda mbio. Inakuja kwa kujua kitakachotokea kabla ya kuketi. Nina kijitabu kinachoingia katika mfuko wa sare, na wakati wa chai ninaandika mistari mitatu tu kuhusu tukio linalofuata: nani anaingia, anataka nini, na anaondoka akiwa amepata au amekosa nini. Nikiwa na mistari hiyo, maneno 1,000 hunichukua muda wa saa moja hivi. Nisipokuwa nayo, ninaweza kutazama skrini saa mbili nzima nikapata aya moja. Kwa hiyo ninamshauri anayeanza asiongeze lengo lake kabla hajawa na matukio ya wiki nzima mfukoni.

Mwanachama, Kakamega

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na ninataka kuzungumzia kalenda, kwa maana naona tunapuuza jambo hili. Novemba huenda inawafaa watu wa Marekani, lakini kwa mwalimu wa Kenya huo ni mwezi wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya upili. Wengi wetu tunasimamia, na baada ya hapo wengine wanakwenda kusahihisha. Desemba nayo ndugu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, boma linajaa, na anayejifungia chumbani kuandika anaonekana ana kiburi. Nimeonelea kwamba mwezi wangu wa kuandika ni likizo ya Aprili, na hapo ninajiwekea maneno 2,500 kwa siku, ilhali wakati wa muhula ninaridhika na 500 siku za kazi ili kisa kisipoe.

Aprili ina ugumu wake, kwa sababu ni msimu wa masika. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na radi za Kakamega si za kuchezea. Ninaandika kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, ninajitumia faili kwa barua pepe kabla ya chakula cha mchana, na nikisikia ngurumo ya kwanza ninachomoa waya wa kompyuta ukutani. Stima ikipotea, kama inavyopotea mara nyingi msimu huo, sehemu ya siku hiyo huwa imeshahifadhiwa. Mwenye lengo kubwa lazima apange pia mahali pa kuweka nakala, kwa kuwa kupoteza maneno 2,500 kunaumiza moyo kiasi cha kumfanya mtu aache riwaya nzima.

Mwanachama, Bungoma

Wanangu, mimi ni mstaafu na ninaandika kwa kalamu katika madaftari makubwa yenye mistari. Nimesoma hesabu zenu za kompyuta, na nadhani wapo wengine kama mimi wanaojiuliza watahesabuje. Nilichukua mistari kumi ya mwandiko wangu nikaona kwamba kila mstari una wastani wa maneno tisa. Daftari langu lina mistari 27 kwa ukurasa, kwa hiyo ukurasa mmoja ni takribani maneno 240. Kuanzia hapo niliacha kuhesabu maneno nikahesabu kurasa: sita kwa siku, yaani maneno kama 1,400. Kurasa sita zilizojaa wino unaziona na kuzishika, na mimi hilo linanipa nguvu kuliko tarakimu.

Nina masharti mawili. Siruhusu kuchana karatasi, na nikikosea ninapiga mstari mmoja juu ya neno ili liendelee kusomeka, maana mara nyingi neno la kwanza ndilo lililokuwa sahihi. Tena ninaandika upande mmoja tu wa karatasi. Upande wa pili ni wa marekebisho baadaye, wakati mjukuu wangu anapoanza kunichapia.

Kuhusu kalenda, Mwalimu amesema kweli. Kwetu Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, ni msimu wa tohara. Katika majuma hayo nyumba ya mzee iko wazi kwa wageni mchana na usiku, na nyimbo zinapita barabarani hadi alfajiri. Siweki lengo lolote mwezi huo. Ninasikiliza, na daftari linaweza kungoja.

Mwanachama, Njoro

Langu ni fupi. Ninalima viazi na mahindi, na jioni macho yananiuma nikitazama skrini. Ninatumia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, nayo inaelewa Kiswahili vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikitembea kutoka shambani ninasimulia tukio moja kwa sauti, na nikifika nyumbani huwa na maneno 800 au zaidi. Haiweki alama za uakifishaji na huharibu majina ya watu, kwa hiyo ni lazima kusahihisha usiku huohuo, kabla hujasahau ulichokusudia. Mazungumzo ya wahusika wangu yamekuwa ya kawaida zaidi tangu nianze kuyasema badala ya kuyaandika.

Mwanachama wa pili, Kisumu

Ninaomba niseme upande wa pili, kwa heshima. Ninasoma miswada kwa niaba ya waandishi wanaotaka maoni kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji, na rasimu iliyoandikwa kwa kukimbiza tarakimu ninaitambua mapema. Ishara ya kwanza ni maamkizi. Wahusika wawili wanakutana Kondele, na ukurasa mzima unakwisha kwa hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nyumbani hawajambo, watoto je, watoto wazima, bila mmoja wao kutaka chochote kwa mwenzake. Ishara ya pili ni methali tatu zinazosema jambo lilelile katika aya moja. Ishara ya tatu ni mhusika anayeamka, kunawa uso, kupiga mswaki, kuvaa viatu, kufunga mlango na kusubiri bodaboda, ilhali kisa kinaanzia mahali anapokwenda.

Sipingi lengo kubwa. Ninachopinga ni kuhesabu maneno bila kuhesabu matukio. Waandishi ninaowasaidia ninawaambia kwamba kila maneno 1,500 lazima yabebe badiliko moja lisiloweza kurudishwa nyuma: siri imefichuka, ng'ombe ameuzwa, barua imesomwa na asiyeandikiwa. Badiliko hilo lisipokuwapo, siku hiyo isihesabiwe hata kama tarakimu imetimia. Mwenye sharti hilo anaweza kwenda mbio apendavyo, na bado nitapata kitu cha kuhariri.

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Dada, sharti lako la badiliko moja nitalichukua, kwa kuwa linaziba pengo ambalo mbinu yangu ya JAZA haiwezi kuliziba.

Wengine wameniuliza kwa nini ninaandika 1,500 na si 1,667. Sababu ni kwamba lengo la 50,000 lilipangwa na watu wanaoandika Kiingereza, lugha ambamo nafsi, wakati na ukanushi husimama kama maneno ya pekee. Kwetu hayo yote hukaa ndani ya kitenzi kimoja. Nikiandika "hawatanisaidia", kompyuta inahesabu neno moja tu, ilhali anayeandika Kiingereza atapewa maneno matano (they will not help me) kwa wazo hilohilo. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa Kiswahili aliyejiwekea 1,667 amejipa mzigo mzito kuliko aliodhamiria, kisha anajiona mvivu anapochelewa. Rasimu ya maneno 40,000 ya Kiswahili ni riwaya iliyoshiba, na sioni haja ya kuirefusha ili ilingane na hesabu ya lugha nyingine. Anayeanza ningemshauri apime kwanza: aandike wiki moja bila lengo, atazame anafika wapi kwa kawaida, halafu aongeze theluthi moja juu ya hapo. Nyongeza hiyo inatosha kumharakisha bila kumvunja.

Mwanachama, Kitale

Nimesoma yote kwa makini, na naona limebaki swali la siku zilizopotea, ambalo ndilo linalowaangusha wengi. Msiba unatokea, mtoto analazwa, mahindi yanahitaji kuvunwa, na unajikuta umekosa siku nne. Mwenye lengo la 1,500 anafungua kompyuta akiwa na deni la maneno 6,000 juu ya yale ya siku hiyo, anakata tamaa, na riwaya inalala hadi mwaka mwingine. Mimi sibebi deni kabisa. Siku iliyopita imepita na maneno yake. Ninachokisogeza mbele ni tarehe ya kumaliza, na ninaiandika upya kwa penseli katika kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, ambako familia nzima inaiona.

Siku ya kurudi, lengo ninalishusha hadi maneno 300 tu. Ninaanza kwa kusoma ukurasa wa mwisho niliouandika, huo peke yake, kwa sauti, bila kushika kalamu ya kusahihisha. Kisha ninaendeleza mazungumzo yaliyokuwa yamekatika, kwa sababu mazungumzo hurudi upesi kuliko maelezo. Siku ya pili ninapanda hadi 800, na ya tatu ninarudia lengo langu la kawaida. Nikijua mapema kwamba wiki inayokuja nitakuwa shambani, ninahakikisha kwamba ninaacha tukio likiwa katikati, mhusika akiwa ameulizwa swali na hajajibu, ili nitakaporudi nianze kwa kuandika jibu lake.