Vali ya kupashia moto kwenye ekzosi ya V8 ya zamani: niiache au niing'oe?

Impala68:
Wakuu, salama? Nina Chevrolet Impala ya 1968, V8 ya inchi za ujazo 327, kabureta Rochester Quadrajet. Nimefungua bomba la ekzosi upande wa kulia nibadilishe gasketi, nikakuta ile vali ya kupashia moto (kilango kinachoelekeza moshi upite chini ya kabureta injini ikiwa baridi), yenye kiuzito na springi ya kujiviringa kwa nje, imeshikwa na kutu. Haigeuki kabisa. Fundi anasema niitupe, niweke bushi tupu ya unene uleule ili injini ipumue. Moyo unasita, maana gari lote bado ni la kiwandani. Mnasemaje?

PumuaBure:
Tupa hiyo kitu. Yangu niliitoa kitambo na gari linatembea.

MzeeWaChoki:
Linatembea, ndiyo. Ziulize na plagi zake.

Impala68, kwanza imekwama ikiwa wazi au imefunga? Ikifunga, moshi wa upande ule unalazimika kupita njia iliyo ndani ya manifoldi ya kuingizia (ile inayogawa hewa na petroli kwenye silinda), chini ya kabureta, utokee upande wa pili. Injini ikiwa baridi hiyo ni neema: petroli inageuka mvuke badala ya kuganda matone ukutani. Ila injini ikishapata moto na vali bado imefunga, petroli inatokota kwenye bakuli la kabureta. Ukizima kidogo, kuwasha tena ni vita. Tazama rangi ya manifoldi pale katikati. Ikiwa imeungua na kubabuka, jibu unalo: imekwama ikiwa imefunga. Ikikwama wazi, si balaa: itachelewa kupata moto na kukohoa ukikanyaga mapema.

Sasa hiyo bushi. Wanaoisifia huwa hawagusii choki, kile kilango kinachobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi. Kwenye injini yako springi ya choki haiko kwenye kabureta, imekaa kwenye kishimo juu ya manifoldi ikisubiri joto la moshi huohuo. Bila vali, moto kidogo bado utapita, lakini kwa kuchelewa. Choki inabaki imefunga, gari linabugia petroli, plagi zinajaa masizi, na petroli isiyoungua inashuka kwenye oili. Halafu kabureta ndiyo inalaumiwa! Ukiamua kutoa, weka na choki ya umeme, la sivyo acha.

Mimi ningeiokoa. Lowesha mhimili wa vali kwa dawa ya kulegeza kutu injini ikiwa baridi, iache ilale. Kesho yake gonga kwa nyundo ndogo, ncha hii na ncha ile, pole pole. Ikilegea, paka kilainishi chenye grafaiti. Oili ya injini usiiweke hata tone. Moto unaigeuza masizi, vali inashika tena. Springi ikiwa imekatika, nunua vali mpya, bado zinatengenezwa.

Baridi_Mbichi:
Naongezea: hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, kabureta inaweza kushika barafu hata kabla hewa haijafika sifuri, kwa sababu petroli ikivukizwa inanyonya joto. Hapo ndipo vali inapolipa.

Impala68:
Rangi imebabuka kweli, duara zima chini ya kabureta. Nimeshailowesha. Swali moja, Mzee: ncha ya nje ya springi inaning'inia tu. Inatakiwa ishike wapi?

MzeeWaChoki:
Kwenye kipini kidogo kilicho kwenye mwili wa vali. Kikiwa kimeliwa na kutu, usihangaike na waya, nunua mpya.