Patna kafilisika na uvumbuzi wangu uko kwenye kampuni yake, nimshitaki au niachane naye?

fundi_vali: Wakuu habari zenu. Nilibuni vali ya pampu inayozuia maji yasirudi nyuma pampu ikizimwa, kidude tu cha plastiki na springi moja ila kilinila miaka mitatu. Nikapata patna mwenye kampuni, mimi ubunifu yeye mtaji, kila vali ikiuzwa napata asilimia 6. Mwanzo alilipa vizuri, baadaye zikaanza stori za "mteja hajalipa", "wiki ijayo", juzi napokea barua kampuni imefilisika na mfilisi (msimamizi wa kuuza mali za kampuni na kulipa wadai) kateuliwa. Namdai miezi 14, kalibu za kumiminia plastiki nilizolipia mwenyewe zimefungiwa kwenye karakana yake, na nimesikia kuna mzigo mkubwa aliuza kimyakimya. Wakili anasema tufungue kesi ya mkataba, ya utapeli na ya kalibu. Naogopa kuzika hela nyingine. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

mzee_wa_mafaili: Pole sana. Hiyo ya mkataba utashinda halafu uambulie karatasi. Nchi nyingi kampuni ikishaingia kwenye ufilisi kesi dhidi yake zinasimama mpaka mahakama iruhusu, na foleni ya malipo iko hivi, mwenye dhamana anachukua alichowekewa rehani, gharama za ufilisi zinakatwa, mishahara mara nyingi inatangulia, ndo mje nyie msio na dhamana mgawane makombo. Jaza fomu ya madai kwa mfilisi kabla ya tarehe ya mwisho, haina gharama ya maana. Kalibu ni suala tofauti, hizo si deni, ni mali yako imekaa kwa mtu.

dada_hataza: Mbona hakuna anayeuliza la msingi, hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) iko kwa jina la nani??

fundi_vali: Dada nimecheki sasa hivi. Mvumbuzi ni mimi ila mwombaji ni kampuni. Mkataba wenyewe ukurasa mmoja, umeandika "kampuni itakuwa na haki ya kutumia ubunifu huu", basi.

dada_hataza: Sasa hapo ndo kwenye hela yako, hiyo asilimia 6 ya nyuma isahau kidogo. Kutumia na kumiliki ni vitu viwili. Kama hukusaini popote kwamba unahamisha haki, una hoja nzuri kuwa ulimpa leseni tu, ila rejista inaonyesha kampuni na mfilisi ataiuza kama mali nyingine asipojua kuna mgogoro, kwa hiyo mwandikie LEO kwa maandishi kwamba unapinga umiliki. Pia uliza ada ya kila mwaka imelipwa lini mara ya mwisho. Hataza inaishi miaka 20 tangu siku ya maombi lakini ada isipolipwa inakufa, Mkataba wa Paris (ule wa kimataifa wa kulinda uvumbuzi, sio wa tabianchi) unataka angalau miezi 6 ya nyongeza tu ya kulipa. Wadai wanagombana huku kitu chenyewe kimeshakufa, inauma. Ukiona ubishi mrefu mpe mfilisi ofa uinunue, mara nyingi hana mnunuzi mwingine wa vali.

mzee_wa_mafaili: Naongezea kwenye utapeli, hiyo unamshitaki yeye mwenyewe sio kampuni, na sehemu nyingi deni la utapeli halifutiki hata yeye binafsi akitangazwa mufilisi. Lakini "nimesikia" sio ushahidi, tafuta hati za kupokelea mzigo, ankara, meseji. Na ujue kwanza kama ana chochote kwa jina lake.

fundi_vali: Asanteni. Barua nimetuma, mfilisi nimempigia, mtu mstaarabu kwa kweli, kasema kalibu atazitoa nikileta risiti. Kalibu ziko tatu, risiti ninazo mbili, ya tatu nilimlipa fundi keshi mkononi.

dada_hataza: Huyo fundi bado yupo? Akuandikie tamko asaini, lenye kiasi na mwezi aliopokea. Na kama kalibu ina namba au alama yake piga picha ukiingia, kabla haijatoka mle ndani.