Tupeane uzoefu: ndugu yako alipoanza kuugua akili mlifanya nini kabla hajadhuru mtu?

Mama Shufaa: Wakuu habari za jioni. Leo asubuhi pale stendi vijana walikuwa wanamrushia mawe yule kaka anayezunguka na mifuko, abiria wanacheka, konda anacheka, mpaka jamaa akaokota nondo. Hapo ndo watu wakaanza kelele eti chizi anaua. Nimeshuka kwenye daladala miguu haina nguvu, nimemkumbuka mdogo wangu. Waliopitia haya nyumbani kwao waseme, dalili mliziona lini?

Kisiki: Kwetu mtu akichanganyikiwa kwanza anachekwa, halafu mganga, halafu kamba. Hospitali inafuata akishamwaga damu.

Dada Mkubwa: Ngoja niandike leo, sijawahi kumsimulia mtu. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, mpole, hata kuku hachinji anamwita jirani. Mwaka 2014 akaanza kutolala, usiku kucha anazunguka uani anaongea chini chini. Baadaye akawa anafunika tivii na kanga ya mama, ukimuuliza anasema mtangazaji anamtaja jina. Tulicheka jamani. Mimi mwenyewe nilicheka, nikaenda kuwahadithia wenzangu kazini. Mama akasema huu ni mkono wa mtu, baba akauza ng'ombe wawili, tukazunguka kwa waganga mwaka na zaidi, mmoja alimchanja mpaka mgongo ukatunga usaha. Mwisho tukaenda hospitali moja wakampa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, siku ya tatu shingo ikajipinda upande, hata mate hamezi, mama akalia akasema dawa hizi zinamuua mwanangu, akazimwaga chooni. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo hutokea. Miezi minne baadaye, alfajiri, nasikia kishindo nikadhani kuna mtu anatwanga. Kaka alikuwa ameshika mchi wa kinu. Baba alikuwa anatawadha, birika limelala pembeni bado linamwaga maji, kofia yake iko kwenye tope. Kaka ananitazama ananiuliza "umesikia alichosema?" Saa nne haijafika baba akafariki. Majirani wakaja na mawe na tairi, mjumbe ndo alimlalia juu wasimchome. Mahakama ikaona alitenda akiwa hana akili timamu, akapelekwa Isanga, Dodoma, wanakowekwa wagonjwa wa akili waliotenda makosa. Na wale wa tairi ndo hao hao waliokuwa wanamzomea dirishani mwaka mzima.

Kisiki: Daah. Pole sana dada.

Mama Shufaa: Nimesoma nikaweka simu chini.

Mtu wa Pwani: Pole dada. Ila tuseme ukweli, hawa ni hatari, serikali iwakusanye wote iwafungie.

Nesi wa Zamu: Kaka hapo hapana. Nina miaka tisa wodi ya akili. Wengi wao hawamgusi mtu, wao ndo wanapigwa, wanabakwa, wanafungwa minyororo. Anayefikia kudhuru mara nyingi hajatibiwa, au kaacha dawa, au juu yake kuna pombe na bangi. Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, ipo tangu 1927 na mpaka leo jina lake ni tusi la mtaani, sasa nani atampeleka mwanae mapema? Dada, ile shingo kujipinda haloperidol huileta, na kidonge cha benzhexol kinaituliza, ndo kile wengine wanaita artane. Mlitakiwa mwambiwe siku ile ile. Imeniuma.

Mtu wa Pwani: Nesi wewe unalipwa. Mimi nina kovu la panga begani, mtoto wa jirani. Nani alinisikiliza?

Nesi wa Zamu: Pole kaka yangu. Kabla ya siku hiyo alikuwaje?

Mtu wa Pwani: Alikuwa analala nje ya nyumba yao, masika na kiangazi. Mama yake alikuja kwangu kuomba nauli ya kumpeleka Dodoma. Sikumpa.

Mtumishi: Fungeni na kuomba. Mdogo wangu alifunguliwa kanisani, vidonge hajawahi kugusa.

Kisiki: Wa kwako alifunguliwa, binamu yangu kwenye kambi ya maombi alifungwa mnyororo miezi sita, mguu una alama mpaka leo. Ombeni huku anameza dawa.

Mwanatanga: Sisi tulienda Lutindi kule Korogwe, hospitali ya tangu enzi za Mjerumani, wagonjwa wanalima na kufanya kazi za mikono. Shangazi sasa ni sindano ya kila mwezi, mwaka wa 11 huu, anauza vitumbua. Tarehe ya sindano tumeiandika kwa mkaa ukutani, hata mtoto wa darasa la pili anaijua.

Babu Kaya: Na ficheni vyenye ncha. Kwetu tulikula vitunguu vya kung'ata miezi mitatu, lakini tulikula tukiwa wazima.

Mgeni: Samahani naingilia. Mume wangu usiku wa nne huu halali. Jana kaziba tundu la ufunguo kwa sabuni, anasema wanamchungulia. Mama mkwe kasema nisitangaze aibu ya nyumba, Ijumaa ataleta mtaalamu wake.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu usisubiri Ijumaa. Mchi uko wapi?

Mgeni: Jikoni.

Dada Mkubwa: Kautoe sasa hivi. Watoto je?

Nesi wa Zamu: Mpelekeni hospitali ya wilaya asubuhi, waambie hajalala siku nne na anasema anachunguliwa. Usibishane naye, usimcheke. Nitumie ujumbe pembeni niambie uko wilaya gani.

Mgeni: Nimeutoa. Watoto nimewapeleka kwa jirani, nimesema tuna msiba. Shemeji anakuja na bajaji saa kumi na mbili.