Tupeane uzoefu: siku mzee alipousikia muziki wenu kwa mara ya kwanza

Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu, maana jana nyumbani kumechafuka kisa singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar.

Mzee wangu ni mtu wa Sikinde, bendi ya dansi. Ukitaka ugomvi naye, mwambie Msondo, mahasimu wao, ni bora. Jana mdogo wangu alikuwa anaosha pikipiki uani, kafungulia singeli kwenye spika yake ndogo. Mzee akavumilia nyimbo mbili. Ya tatu akatoka na kikombe chake cha kahawa, akasimama mlangoni, akasikiliza weee, kisha akauliza: "Sasa mbona huu umeanzia kwenye chemko? Mashairi yako wapi?"

Watu wa dansi mnanielewa. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anakupa kisa chote, ndipo magitaa yanachanganya na watu wanainuka: hilo ndilo chemko. Kwa mzee singeli ni pilipili tupu, mchuzi hakuna. Nilicheka, ila usiku nikaona ana hoja kuliko wale wanaoishia kusema "makelele". Wa kwenu walisemaje?

Binti Ng'ambo: Kwetu Unguja kisa kilikuwa rusha roho, miaka ya tisini. Marehemu bibi alikuwa mtu wa taarabu ya kukaa. Unajifukiza udi, unavaa, unakaa kitini. Ubeti ukikugusa unainuka na noti yako, unakwenda kumtunza mwimbaji kwa mwendo wa staha, unarudi kukaa. Walipoingia hawa wa vinanda na mipasho, watu wanacheza tangu mwanzo mpaka mwisho, bibi akasema hiyo si taarabu, ni ngoma iliyovishwa baibui. Jirani akiweka kaseti, bibi anafunga dirisha, na joto lote lile. Basi siku moja narudi chuoni namkuta barazani anachambua mchele, anaimba kijembe, ubeti mzima bila kukosea, na sauti kaielekeza nyumba ya pili, alikokuwa na ugomvi wa maji ya mfereji. Nilipomtazama akaniambia, "Maneno mazuri. Muziki wake ndio mbaya."

Kipanga wa Tanga: Babu yangu ana santuri zake mpaka leo, za mizunguko 33 na za 45 kwa dakika. Kusikia singeli tu akaniambia, "Hiyo ni ya 33, mmeipiga kwenye 45." Sijamaliza kucheka.

Wa Embakasi: Huku Nairobi shida haikuwa mdundo, ilikuwa Sheng. Gengetone, muziki wa vijana wa mitaani, ilipovuma, kuanzia 2018 hivi, mathe aliipenda biti, akawa anatingisha kichwa akipika. Siku moja akauliza maana ya korasi. Nikamwambia ni kijana anatafuta kazi. Sasa ameimbia wamama wa chama. Niombeeni.

Mstaafu: Vijana, mimi nimeshavuka sabini. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye kumbi za Dar, ikasemwa unaharibu vijana. Nilikuwa shuleni. Tuliusikiliza kwa sauti ya chini, mmoja kasimama mlangoni analinda, nami nikajiapiza kwamba nikizeeka sitakuwa mtu wa kuzima redio za watoto. Mwaka juzi, harusi ya binti yangu, nilimvuta MC pembeni nikamwambia singeli nisiisikie humu ndani. Wakaipiga nilipokwenda msalani.

MC wa Mbagala: Mzee Mstaafu, shikamoo. Kazi yetu ndiyo hiyo, kuvizia. Zilipendwa wakati wa chakula, taarabu kwenye zawadi, singeli wazee wakishasindikizwa. Lakini kuna siku nilikosea mahesabu, shughuli ya mwali kule Mkuranga, nikaachia singeli kina bibi bado wamekaa mbele. Nikajua leo silipwi. Bibi mmoja wa Kizaramo akainuka. Hakuukimbiza mdundo. Vijana miguu inakwenda kama cherehani, yeye anakanyaga mara moja kwa kila midundo minne, magoti kayakunja, mikono kaituliza, anacheza mdundiko wake, ngoma ya kwao. Na kaingia barabara! Wenzake wakamfuata, vijana wakapisha. Tangu siku hiyo kila singeli naisikia mdundiko ndani yake. Watoto wa Manzese na Tandale hawakuuokota jalalani ule mdundo: mchiriku, muziki wa uswahilini uliotangulia, umo, na vipande vya taarabu vilivyoongezwa spidi vimo.

Mwanzisha mada: MC, leo nimejaribu. Nimemwekea mzee wimbo uleule wa jana, nikamwambia asishindane na kasi, ahesabu mmoja kwa kila minne. Akaninunia kidogo. Kisha kidole kikaanza kugonga mkono wa kiti, taratibu, dakika mbili nzima. Nikajua nimempata. Akauliza, "Hapo kwenye ngoma kakaa nani?"

Nikamwambia kompyuta.

Kachukua kikombe chake, kaingia ndani.