Mrejesho: bastola ya chuma au ya polima

Assalaam aleykum. Ni mimi wa Chake Chake niliyeuliza, kabla ya kuomba kibali, kama nichague Colt 1911 ya chuma kitupu au Glock 17 yenye fremu (kiunzi) ya polima, yaani plastiki ngumu. Nakushukuruni nyote kwa majibu yenu.

Nimechagua Glock. Nilipozishika zote mbili, ile Colt, ambayo ina zaidi ya kilo moja hata kabla ya kutiwa risasi, ilitulia mkononi kwa namna ambayo bastola nyepesi haiwezi, na triga (kifyatulio) yake inayorudi nyuma moja kwa moja ni laini mno. Hapo nakiri kuwa moyo uliniuma. Lakini magazini yake ya kawaida (kisanduku cha kutilia risasi) huchukua risasi 7 tu, ilhali ya Glock huchukua 17 za milimita 9, na kile kifungio cha usalama cha Colt, kinachosukumwa kwa kidole gumba, kinahitaji mazoezi ambayo ami yangu, askari mstaafu, aliniambia wazi kuwa sitayafanya.

Yule kati yenu aliyesema kuwa polima humaliza shida ya kutu alikosea kidogo: fremu haishiki kutu, ila mtutu na sehemu ya juu bado ni chuma, na kwa hewa yetu hii ya chumvi nitavifuta na kuvipaka mafuta kila wiki.