Tupeane uzoefu: ubishi wa simu uliotaka kuvunja baraza

Kahawa Chungu
Yakhe, jana baada ya isha baraza limegawika tena. Huku timu tunda, yaani Apple, kule timu Samsung, na katikati kijana mmoja kashika Infinix yake anachekwa na pande zote mbili. Chanzo ni video ya mchambuzi mmoja wa YouTube. Huyu "kalipwa", yule "wewe ndo uliyelipwa", mpaka birika likapoa. Hebu tupeane uzoefu hapa: ubishi gani mnaujua, uliwakia wapi, na ukweli wake wa kifundi ni upi. Sharti ni moja, njoo na kipimo. Mapenzi yaache nyumbani.

Fundi Mlandege
Nambari moja ni ule wa "Apple wanaziua simu zao makusudi ununue mpya". Timu tunda hukataa moja kwa moja, wapinzani hutia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Ilivyo ni hivi. Betri ya lithiamu ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Prosesa ikivuta umeme mwingi kwa mpigo, tuseme umefungua kamera na flashi inawaka, volteji inaporomoka na simu inajizima huku imeandika asilimia 30. Apple wakatia breki kwenye prosesa kupitia toleo la mfumo wake, iOS 10.2.1, Januari 2017, ili isijizime. Breki yenyewe ina mantiki. Tatizo wenye simu hawakuelezwa. Watu wakapima kasi wenyewe, kabla na baada ya betri mpya, na Desemba 2017 kampuni ikakiri. Betri iliyokuwa ikibadilishwa kwa dola 79 ikashushwa hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya euro milioni 25. Kwa hiyo mkosoaji alipatia kuwa simu imepunguzwa kasi, akakosea sababu.

Kabla hujafungua mdomo barazani, ingia Mipangilio, Betri, Afya ya Betri. iPhone mpaka toleo la 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia 15, mizunguko 1,000. Na iPhone used, ya mkononi, kutoka Dubai yenye miaka minne ikikuonyesha 100, usishangilie. Kuna mashine ya kuandika upya hesabu ya betri, na kuna mafundi wanaong'oa kisaketi kidogo cha betri ya zamani wakakichomelea kwenye seli mpya ili simu isilalamike kuwa kipuri hakijulikani. Washa kurekodi video ya 4K dakika kumi ukiitazama. Asilimia zikishuka kwa mafungu, 62 mara 55, basi ile namba ni pambo tu.

BintiWete
Kweli tupu. Hasa hiyo ya 100 ya Dubai.

Dau la Tumbatu
Mnazungumza betri nyinyi. Ubishi wa gatini Mkoani mmeusahau?

Jamaa wawili wanasubiri boti ya Unguja, mmoja wa kampuni hii, mwengine wa kampuni ile. Sizitaji, nikizitaja uzi huu umekwisha. Ubishi ni IP68, ile alama ya kuwa simu inahimili maji na vumbi. Mmoja anasema simu yake inaingia baharini ikatoka inacheza, mwenzake anasema hayo ni ya kwenye boksi. Ukaletwa mshipi. Simu ikafungwa kwa kava, ikateremshwa pembeni ya ngazi, maji yanajaa, kama pima moja hivi. Dakika nne. Ikapandishwa, kioo kinawaka, kasida inaendelea palepale. Gati zima likapiga kelele, soda ikanunuliwa. Mwenye simu akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaitia mfukoni na chumvi yake.

Hapo bado ilikuwa nzima. Kilichoiua ni cha ndani ya boti. Ilikuwa na asilimia 18, akaichomeka pawabenki. Ikatoa alama ya tone la maji. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Tone tena. Mara ya nne ikakubali, akaona mambo yametengemaa. Usawa wa Tumbatu tundu la chaji likawa la moto na harufu ya waya. Kabla ya Malindi kioo kikachora mstari wa waridi kutoka juu mpaka chini, kikazima.

Ilipofunguliwa, mgongo haukuwa wa kiwandani. Ulishabadilishwa, na gundi ya B7000 imewekwa doti tatu, kona ya juu karibu na kamera hakuna hata tone. Maji yaliingilia hapo, yakateremka na waya bapa mpaka chini. Kwenye tundu la chaji pini moja nyeusi, zilizobaki kijani. Saketi ya chaji imekwenda shoti, na ndani ya lenzi ya kamera ndogo ukungu kama asubuhi ya masika.

Kisima cha Shamba
Ilikuwa simu gani?

Dau la Tumbatu
Nimesema sitaji.

Kahawa Chungu
Na aliyeshinda ubishi nani? Maana ilitoka inacheza!

Pweza Mkavu
Aliyeshinda muuza soda.

Fundi Mlandege
Kesi hiyo ifundishwe skuli. IP68 hupimwa maabara kwa maji baridi, yasiyo chumvi, yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Kampuni moja huandika mita 1.5 kwa dakika 30, nyengine mita 6 kwa muda huohuo, na pima ni kama mita 1.8, kwa hiyo hata kina chenyewe hakikuwa cha wote. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri sana. Ukichomeka chaja yakiwa ndani, umeme unapita kati ya pini ya moto na ya hasi kupitia chumvi, na chuma kinaliwa ukikiona kwa macho. Simu kavu yenye chumvi inaoza kwa wiki. Simu yenye chumvi na chaja inaoza kwa safari moja ya boti.

Ikitokea, izime hapohapo na usichomeke kitu. Toa kava na kile kisahani cha laini, chungulia ndani ya tundu lake kwa tochi: nyingi zina kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Ikiwa bado nyeupe, suuza nje kwa maji baridi ya bomba kidogo, taratibu, tundu likitazama chini, kisha iache penye upepo. Ikiwa nyekundu, usisuuze wala usisubiri, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Atachomoa betri kwanza kabla ya chochote, atafungua vifuniko vya bati kwenye bodi, ataiosha kwa alkoholi ya isopropili ya 99 na burashi laini, ataikausha kwa hewa ya vuguvugu, halafu atapima shoti kwa mita kabla ya kurudisha betri. Akianza kwa kuiwasha "tuone kama inawaka", ichukue uondoke.

Mwana wa Makunduchi
Mchele usiku mmoja, imekwisha hiyo.

Fundi Mlandege
Mchele hauvuti chumvi. Unaacha wanga na vumbi kwenye tundu. Apple wenyewe Januari 2024 wameandika kwenye maelekezo yao kuwa simu isitiwe kwenye mchele.

Mwana wa Makunduchi
Simu ngapi zimepona kwa mchele hapa kisiwani!

BintiWete
Zimepona kwa kuzimwa usiku kucha. Mchele wa Mbeya uwache kwa pilau.

Pweza Mkavu
Mie nasema petroli. Inakauka haraka.

Fundi Mlandege
Inaacha mafuta juu ya bodi na inalegeza raba na gundi. Tena jiko liko hatua tatu, utakuja kuunguza na nyumba.

Tunda Damu
Hayo ya kuoza chaji ni ya Samsung. Mwaka 2022 Samsung Australia walitozwa dola milioni 14 za kule kwa matangazo ya Galaxy kuchezewa kwenye bwawa na baharini, wakati tundu la chaji linaweza kuliwa ukilichaji likiwa bado bichi. Someni.

Kisima cha Shamba
Na Italia Novemba 2020 Apple walitozwa euro milioni 10 kwa jambo lilelile, maji. Hiyo hukuisoma?

Tunda Damu
Galaxy Note 7 za Samsung zilikuwa zinawaka moto mifukoni. 2016. Jibu.

Kisima cha Shamba
Na iPhone 4 mwaka 2010 ilikuwa ukiishika kwa mkono wa kushoto mtandao unakata, wakagawa kava za bure. Jibu na wewe.

Dau la Tumbatu
Simba na Yanga hawa.

Fundi Mlandege
Ya Note 7 tuiseme vizuri, kila mtu anaitaja na hakuna anayeijua. Ilitoka Agosti 2016, ikaanza kurudishwa Septemba, Oktoba ikasimamishwa kabisa. Betri zilitoka kwa watengenezaji wawili na kila mmoja alikuwa na kasoro yake. Za kwanza, kifuko kilibana kona ya juu, sahani ya hasi ikapinda. Za pili, zile za kubadilishia, zilikuwa na vijiba vya kuchomelea vilivyotoboa kitenganishi, na nyengine zilikosa utepe wa kuhami. Mwisho wa siku, chanya na hasi zikakutana. Kwa hiyo anayesema "Samsung zinalipuka" akiionyesha Galaxy A14 ya mwenzake hajui anachosema. Ila betri yoyote iliyovimba ikasukuma kioo, ya kampuni yoyote, usiichaji hata kumalizia simu ya mazungumzo.

Mwana wa Makunduchi
Turudi kwa kijana wa Infinix aliyechekwa. Anayemcheka kwa Tecno amekosa la kusema. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2006. Ni ugomvi wa watoto wa tumbo moja.

BintiWete
Hilo wengi hawalijui. Lakini wakosoaji nao wana haki yao. Agosti 2020 iliripotiwa kuwa baadhi ya Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na programu mbaya tangu dukani, xHelper na Triada, zikila salio kwa kujiungisha huduma. Kampuni ikasema zilipenyezwa na mtu wa kati kwenye mnyororo wa ugavi. Sasa ukiona simu ya bei ndogo inamaliza bando usiku umelala, ingia Mipangilio, matumizi ya data, tazama programu gani iko juu usiyoijua. Izimie data ya nyuma ya pazia. Matangazo yanayoruka yenyewe mara nyingi yanatoka kwenye duka la programu la kampuni na kivinjari chake: bonyeza tangazo lenyewe kwa muda mrefu, litakuonyesha limetoka programu gani, zima arifa zake zote. Ikirudi hata baada ya kuifuta simu nzima, imo kwenye mfumo, inataka kuflashiwa, yaani fundi aupakie mfumo upya.

Kahawa Chungu
Nilitaka hasa la wachambuzi. Wanalipwa au hawalipwi?

Chumvi Nyingi
Wote wanalipwa.

Mwana wa Makunduchi
Ndiyo, wote.

BintiWete
Aprili 2024 Marques Brownlee, mchambuzi wa YouTube, alikikagua kile kifaa cha akili bandia cha kubandika kifuani cha kampuni ya Humane, cha dola 699 na 24 nyengine kila mwezi, akasema hajawahi kukagua kibovu kama kile, kwa wakati ule. Alisakamwa wiki nzima kuwa anaua kampuni changa. Alichoonyesha ni vitu vya kupimika: kinapata moto, betri haikai, jibu linachelewa, maandishi kinayoyamulika kiganjani hayaonekani juani. Februari 2025 sehemu kubwa ya kampuni ikauzwa kwa HP kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huo vibandiko vikazimwa. Waliotoa 699 wakabaki na kifungo cha koti.

Kwa hiyo usiulize kalipwa au hajalipwa peke yake. Uliza simu kaishika siku ngapi, kanunua au kaazimwa, na kaipimia wapi. Hilo la wapi ndilo letu. Apple huandika simu itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za hewa. Kaskazi hapa inakaribia hapo kivulini, sembuse juu ya dashibodi ya daladala. Mchambuzi aliyekaa kwenye kiyoyozi akakwambia kioo kinang'aa sana, hakudanganya, lakini kwako kitajififisha ndani ya dakika chache na chaji itasimama yenyewe mpaka ipoe.

Tunda Damu
Na yule anayekwaruza vioo kwa sindano? Kila simu anasema inakwaruzika ngazi ya 6, michirizi mirefu ngazi ya 7. Ana faida gani?

Fundi Mlandege
Zack Nelson. Ana faida kubwa ukiielewa ile mizani, ni ya ugumu wa madini. Kioo kiko kama 6, shaba ya funguo iko chini zaidi, hivyo funguo haikwaruzi. Kinachokwaruza ni madini ya kwatsi, ngazi ya 7, imo kwenye mchanga mwingi wa kujengea.

Chumvi Nyingi
Basi pwani ndiyo mbaya kuliko zote.

Fundi Mlandege
Siyo ya Paje wala Jambiani. Mchanga ule mweupe ni chokaa ya matumbawe, ugumu wake 3 hadi 4, unaziba spika na tundu la chaji lakini kioo haukiwezi. Ukiona michirizi, tafuta mfukoni mchanga wa fundi mwashi.

Pweza Mkavu
Mchanga wetu mpole, Alhamdulillah.

Tunda Damu
Kwa hiyo protekta ya nini?

Fundi Mlandege
Ya kuanguka. Kukwaruzika na kupasuka ni vitu viwili. Kioo kigumu zaidi mara nyingi hupasuka kirahisi zaidi.

Kisima cha Shamba
Kabla ya yote hayo, hakikisheni hiyo simu ni ya kweli. Nusu ya ubishi ni watu wanaitetea kampuni wakiwa na kopi mkononi. Piga *#06#, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) inayotoka ilingane na ya boksi na ya kwenye Mipangilio, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone inaitwaje. Samsung ya kweli, *#0*# nyingi hufungua ukurasa wa kupima kioo rangi kwa rangi. Kopi zilizimwa nchi nzima Juni 2016 na bado zipo.

Chumvi Nyingi
Nimepiga. Imeandika jina jengine kabisa.

Tunda Damu
😂 Na ndiye aliyekuwa anapiga kelele zaidi.

Chumvi Nyingi
Kamera yake nzuri lakini.

Kahawa Chungu
Dau, ile ya Mkoani iliishia wapi?

Dau la Tumbatu
Bodi ilikufa. Kioo pia. Kamera kubwa ya nyuma ilikuwa kavu, ikauzwa kipuri.

Kisima cha Shamba
Kipuri cha simu gani?

Dau la Tumbatu
Hunipati.